Tuchague Skuli Ipi? Mwongozo kwa Wazazi Wakatoliki wa Shumba na Jirani Zake



Waamini wanaohamia Shumba, wilayani Micheweni, kwa ajili ya kazi hutuuliza mara nyingi: katika skuli za msingi za Serikali zilizo karibu, ipi ni bora? Wengine, kabla hata ya kuzitazama, huwaza kumpeleka mtoto mdogo kwa ndugu Tanzania Bara. Uamuzi huo ni mzito, maana humtenga mtoto na wazazi wake.

Tangu Septemba 23, 1964, elimu Zanzibar ilipotangazwa kuwa bila malipo, skuli hizi ni mali ya wananchi wote. Kwa hiyo tofauti za kuchunguza hazimo katika ada.

Wengi huanza na matokeo ya mitihani. Ni kipimo cha haki, lakini kisomwe kwa uangalifu. Skuli yenye watahiniwa 30, wakiongezeka watatu waliofaulu, hupanda kwa asilimia 10. Yenye watahiniwa 120 hupanda kwa asilimia 2.5 tu. Tutazame basi miaka kadhaa, tusihukumu kwa mwaka mmoja.

Kisha tuifikie skuli yenyewe na kuuliza: darasa moja lina watoto wangapi? Mtoto ataingia mkondo wa asubuhi au wa mchana, na atarudi nyumbani saa ngapi? Je, kuna maji na vyoo vinavyositiri wasichana? Mtoto wa darasa la pili anasoma aya fupi na kuielewa? Mwalimu hufanya nini mwanafunzi anapotoweka kufuata wavuvi dago? Skuli inayomtafuta mtoto asiyefika inastahili sifa, hata kama haiongozi kwa ufaulu.

Kuhusu kuhamia Bara, tukumbuke kwamba elimu ya msingi si jambo la Muungano. Mtaala na mitihani ni tofauti, hivyo mtoto anayehama katikati ya masomo hulazimika kuanza kuzoea upya.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la Oktoba 28, 1965, unafundisha kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Unalikumbusha Kanisa pia wajibu wake kwa watoto wanaosoma katika skuli zisizo za Kikatoliki. Kwa hiyo katekesi, sala ya jioni na Misa ya Dominika vibaki mikononi mwetu: familia, jumuiya ndogondogo na parokia. Tusiidai skuli kazi iliyo yetu.

Watoto wetu watakaa dawati moja na watoto wa jirani zetu Waislamu. Tuwafundishe heshima, nasi tuhudhurie mikutano ya wazazi na kushiriki kazi za kamati ya skuli. Dawati likitengenezwa, hukaliwa na mtoto wetu na wa jirani pia.