Tumbaku ya kusokota nyumbani nayo ni sigara

Muulize mzee wa Newala au Masasi kama anavuta sigara. Anaweza kukujibu kwa moyo mweupe, "Hapana mjukuu wangu, sigara sivuti." Baada ya muda utamwona anatoa jani kavu la tumbaku, analifikicha kiganjani, anachana kipande cha karatasi ya daftari, anasokota na kuwasha. Hakukudanganya. Kwake yeye, sigara ni ile ya pakiti inayouzwa dukani. Hii aliyoishika ni tumbaku yake tu, aliyoiotesha mwenyewe nyuma ya nyumba.

Jibu hilo likitolewa barazani halidhuru mtu. Likitolewa mbele ya daktari linaweza kumgharimu mzee maisha yake, kwa sababu daktari anayesikia "sivuti" atatafuta chanzo cha kikohozi mahali pengine. Ndiyo maana leo, ndugu msomaji, tunazungumzia tumbaku isiyo na pakiti, isiyo na bei na isiyo na onyo.

Kazi ya mikono, starehe ya jioni

Mkoa wa Mtwara si mkoa wa tumbaku. Zao lake ni korosho. Tumbaku ya biashara inalimwa Tabora, na kwa jirani zetu wa Ruvuma, hasa Namtumbo, inalimwa tumbaku ya moshi. Lakini miche michache pembeni ya nyumba haihitaji chama cha ushirika wala mnunuzi. Majani yanachumwa, yananing'inizwa kivulini au juu ya jiko, yanakauka na kubadilika rangi, kisha yanafungwa na kuhifadhiwa. Mengine husagwa yawe ugoro, mengine husokotwa.

Mazoea haya ni ya zamani. Vikopo vidogo vya ugoro vilivyochongwa na mafundi wa Kimakonde vimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Ulaya. Hata hivyo, tumbaku yenyewe si mmea wa asili ya Afrika. Ilitoka bara la Amerika, ikaletwa na mabaharia na wafanyabiashara. Anayesema ni "dawa ya asili ya mababu" asisahau kwamba mababu nao waliipokea kutoka kwa wageni.

Kusokota kuna utamu wake. Mikono inapata kazi, wenzako wanakaa karibu, maneno yanakwenda. Huko Ulaya na Marekani nako wapo watu wanaonunua majani makavu na kusokota nyumbani zile sigara nene za majani matupu, zinazoitwa siga. Wanapanga majani ya ndani, wanayafunga kwa jani la pili, kisha wanamalizia kwa jani laini la juu. Wao wanaiita burudani. Hoja yao ni ileile ya mzee wa Newala: ukisokota mwenyewe unajua kilichomo ndani, hakuna kemikali za kiwandani.

Hoja hiyo inavutia, lakini si ya kweli.

Sumu iko kwenye jani na kwenye moto

Nikotini, kitu kinachomfanya mtu ashindwe kuacha, haiwekwi na kiwanda. Mmea wenyewe unaitengeneza ili kujikinga na wadudu. Jani la nyumbani linayo, tena mara nyingi kwa wingi, na hakuna anayelipima.

Sumu ya pili inazaliwa jani linapokaushwa na kuvundikwa. Hapo hutokea kemikali zinazoitwa nitrosamini, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani katika tumbaku. Hazihitaji mashine, zinatokea hata chini ya paa la nyasi.

Sumu ya tatu inaletwa na moto. Jani lolote likiungua hutoa lami inayoganda kwenye mapafu, na hewa ya kabonimonoksaidi inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Karatasi ya daftari au ya gazeti, pamoja na wino wake, inaongeza moshi mwingine juu ya huo. Tena tumbaku ya kusokota haina kichujio. Hata hivyo, msomaji asidhani kichujio cha sigara za dukani ni kinga, maana wanaozivuta nao wanaugua.

Wapo wanaojitetea kwamba hawamezi moshi, wanaushika mdomoni tu na kuutoa. Moshi wa siga na wa tumbaku kali iliyovundikwa una hali ya magadi, kwa hiyo nikotini yake hupenya moja kwa moja kwenye ngozi laini ya mdomo bila kufika mapafuni. Mdomo, koo, kisanduku cha sauti na umio ndivyo vinavyobaki kwenye hatari kubwa ya saratani. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku inayolingana na pakiti nzima ya sigara za kawaida.

Kuhamia ugoro si kupona pia. Tumbaku isiyo na moshi husababisha saratani ya mdomo, umio na kongosho.

Madhara ambayo hayajawashwa

Tumbaku inaanza kudhuru kabla ya kiberiti. Mtu anayechuma majani mabichi asubuhi, yakiwa bado na umande, anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa na kuishiwa nguvu. Ni nikotini iliyopenya kupitia ngozi ya mikono. Watoto huathirika haraka zaidi, na huku uwandani ukungu na umande si mambo ya kutafuta. Mtoto au mama mjamzito asitumwe kuchuma wala kufunga majani hayo.

Mama mjamzito anayevuta, au anayekaa kwenye moshi wa wengine, yuko kwenye hatari ya kujifungua mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Watoto wanaolala chumba chenye moshi wa tumbaku hupata zaidi homa ya mapafu, pumu na magonjwa ya masikio. Kumbuka pia kipande kinachowaka mkononi mwa mtu aliyesinzia, ndani ya nyumba ya nyasi.

Kwa mkulima wa korosho kuna mzigo wa ziada. Wakati wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, vumbi lake huwasha macho na njia za hewa. Jioni yupo jikoni kwenye moshi wa kuni. Akiongeza tumbaku, mapafu yake hayapati hata saa moja ya kupumzika.

"Ni kikohozi cha uzee tu"

Hakuna kikohozi cha uzee. Mzee anayekohoa kila asubuhi, anayetoa makohozi na kuhema akipanda kilima alichokuwa akikipanda zamani bila shida, anaweza kuwa na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Anaweza pia kuwa na kifua kikuu, kwani uvutaji huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu na hufanya matibabu yake yawe magumu zaidi. Au anaweza kuwa na saratani. Dalili zinafanana, tiba hazifanani.

Nenda hospitali ukiona lolote kati ya haya: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, makohozi yenye damu, kidonda au baka jeupe au jekundu mdomoni lisilopona kwa wiki mbili, sauti iliyokwaruza kwa wiki tatu, chakula kukwama kooni, kupungua uzito bila sababu. Masasi ipo Hospitali ya Mkomaindo, iko pia Ndanda, na Newala ina hospitali ya wilaya. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali havilipiwi. Saratani ikigundulika mapema, safari ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 500, inakuwa safari yenye matumaini. Ikichelewa, inakuwa safari ya kupunguza maumivu.

Ukifika kwa daktari, usingoje uulizwe kuhusu "sigara". Sema: "Nasokota tumbaku yangu, mara tano kwa siku, tangu ujana wangu." Au: "Natumia ugoro." Nao wahudumu wa afya wabadili swali. Badala ya "Unavuta sigara?" waulize, "Mzee wangu, tumbaku ya aina yoyote unatumia? Ya kuvuta, ya kunusa au ya kuweka mdomoni?"

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima nchini wanatumia tumbaku: wanaume asilimia 14.6 na wanawake asilimia 3.2. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tunayo tangu mwaka 2003, na pakiti ya dukani ina onyo. Jani la nyumbani halina pakiti, kwa hiyo onyo lake lazima litoke kinywani mwa mtu.

Namna ya kuacha

Anayenunua sigara huzuiwa na mfuko wake. Anayeotesha mwenyewe hana kizuizi hicho, lakini ana nafasi ambayo mwenzake hana: anaweza kuacha kwa kutosia mbegu. Mvua za kwanza zinapokaribia, mbegu zilizohifadhiwa zitupwe, na mahali pa tumbaku paoteshwe mchicha au bamia. Yaliyobaki ghalani yateketezwe mbali na watu. Usiyagawe kwa jirani.

Chagua siku, uwaambie wa nyumbani. Hamu ya tumbaku ikija huwa kali kwa dakika chache, kisha inapungua. Kunywa maji, tafuna karanga, tembea. Mikono iliyozoea kusokota ipe kazi nyingine, iwe kuchonga mpini, kusuka jamvi au kukarabati mtego. Wiki ya kwanza utakuwa na hasira na usingizi utapungua. Baada ya wiki nne hali hiyo kwa wengi huwa imetulia. Dawa za kusaidia kuacha, kama bandiko la nikotini, zipo ingawa si kila duka la dawa linazo, muulize daktari. Ukiteleza siku moja, anza tena kesho yake.

Vijana nao watumie busara. Kumwambia babu "acha tumbaku" mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na hataacha. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa jadi hufuata ukoo wa mama, neno la mjomba lina uzito. Mshirikishe, au mtumie mzee mwenzake aliyewahi kuacha. Unaweza kuanza hivi: "Shikamoo babu. Kikohozi hiki kimezidi wiki mbili, naomba kesho nikusindikize hospitali."

Wala asikuambie kwamba kwa umri wake amechelewa. Saa 12 baada ya kuacha, kabonimonoksaidi katika damu hurudi kiwango cha kawaida. Ndani ya miezi michache kikohozi na kuhema hupungua. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Mzee wa miaka 65 akiacha leo, mwakani akiwa na 66 mwili wake utakuwa umeshaanza kumlipa.