JUMAPILI BILA PADRE

Kengele ya kanisa la kijijini mara nyingi si kengele. Ni rimu kuukuu ya gurudumu la lori, imefungwa kwa waya katika tawi la mti, na yule anayeigonga kwa kipande cha chuma ndiye aliyefagia kanisa alfajiri, ndiye atakayeongoza ibada, na ndiye atakayekwenda jioni kumtazama mgonjwa. Yeye si padre wala mchungaji. Wakatoliki humwita katekista, na Walutheri humwita mwinjilisti. Siku nyingine zote za juma ni mkulima kama jirani zake.

Hivyo ndivyo Ukristo unavyoishi katika vijiji vingi vya Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Huko ndiko iliko kata ya Getanuwas, katika wilaya ya Hanang ambayo makao yake makuu ni Katesh, chini ya mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Ni nchi ya ng'ombe, mahindi na maharage. Maboma ya wafugaji wa Kibarbaig yametawanyika, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni mwendo. Kiangazi kikizidi, vijana huhama na mifugo kutafuta maji na malisho, na waumini wa kanisa hupungua pamoja nao.

Makanisa haya si ya jana. Wamisionari Wakatoliki walifika Mbulu mwaka 1907, na Jimbo la Mbulu likaundwa mwaka 1953. Miaka miwili baadaye, yaani 1955, Walutheri kutoka Norway walifungua hospitali ya Haydom, na mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini yaliungana kuwa KKKT. Pamoja na umri huo, mapadre na wachungaji hawajatosha kamwe. Parokia moja huwa na vigango vingi, na usharika mmoja huwa na mitaa mingi. Padre huzunguka kwa zamu. Mvua ikinyesha na udongo mweusi wa uwandani ukageuka ulimbo, zamu yenyewe huahirishwa.

KAZI ISIYO NA SAA

Basi Jumapili nyingi huwa ni za Ibada ya Neno. Masomo husomwa, katekista hufafanua, kwaya huimba. Kiswahili ndicho kinachowaweka pamoja, maana eneo hili lina Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wabarbaig wenye lugha ya Kiniloti, na Wanyaturu na Wanyiramba ambao ni Wabantu. Mama mzee asiyekijua vema Kiswahili hukaa karibu na mjukuu wake, naye humnong'oneza maana.

Asiye na fedha huleta alichonacho: mayai, kuku, debe la mahindi. Baada ya ibada, chini ya mti, vitu hivyo hunadiwa. Kuku mmoja huweza kununuliwa, akarudishwa kuwa sadaka, akanunuliwa tena, huku watu wakicheka. Mgeni wa mjini angedhani ni mchezo. Lakini humo ndimo yanamotoka mabati, madaftari ya watoto wa kipaimara, na nauli ya mgonjwa kwenda hospitali.

Katikati ya juma kazi huhamia majumbani. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, yaani familia chache za majirani zinazosali pamoja, zinazojuana kwa majina na kwa shida. Mahali ambapo padre yuko mbali, uamuzi huo ulikuwa ni kuipa jina kazi ambayo majirani walikuwa wakiifanya.

HABARI KUTOKA NAGASAKI

Yupo atakayeuliza: je, kanisa la namna hiyo litadumu? Jibu moja limetoka mbali, nchini Japani, ambako hata leo Wakristo ni kama mtu mmoja katika kila mia na makanisa mengi ni madogo.

Dini hiyo ilifika huko mwaka 1549. Mwaka 1614 watawala waliipiga marufuku nchi nzima. Mapadre walifukuzwa au kuuawa. Wakulima na wavuvi wa sehemu za Nagasaki wakabaki peke yao, wakagawana kazi. Mmoja alitunza kalenda ya sikukuu. Mwingine aliitwa mtu wa maji, na kazi yake ilikuwa kubatiza watoto. Sala zilipita kinywani, kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto, vizazi saba hivi.

Machi 1865 wanakijiji wachache wa Urakami walimwendea padre Mfaransa, Petitjean, katika kanisa jipya la Oura, wakamweleza kwamba imani yake ndiyo yao. Walilipa gharama kubwa: zaidi ya Wakristo 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu, na mamia wakafa uhamishoni kabla ya marufuku kuondolewa mwaka 1873. Kanisa lao halikuwa na jengo wala padre. Lilikuwa na kaya.

SIKU YA MATOPE

Hanang nayo ilijaribiwa. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakaporomoka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Serikali na jeshi walifika kuokoa na kuhifadhi. Lakini siku za namna hiyo huuliza maswali ambayo hayawezi kujibiwa na mgeni: nyumba ile walilala wangapi? Mtoto huyu ni wa nani? Ajuaye ni jirani aliyezoea kubisha hodi.

NANI ANAMTUNZA MTUNZAJI?

Hapa pana neno la kusema bila kuficha. Mtu huyu anayebisha hodi kwa wote ana nyumba yake pia. Posho yake, mahali inapopatikana, ni ndogo. Siku anayozika si siku anayopalilia. Shamba lake likichelewa, mkewe ndiye anayelibeba, na watoto ndio wanaokosa mahitaji ya shule. Kijiji humshukuru kwa maneno, nayo maneno hayajazi ghala. Vijana wanaliona hilo, na wengi wenye elimu hawataki kuirithi kazi hiyo. Ikiwa vijiji vinataka hodi ile iendelee kusikika, hapana budi vimlimie shamba wakati wa mvua kama yeye anavyowazikia wafu wao.

Nasi wa mijini tusijidhanie tumesalimika. Tunalala ukuta kwa ukuta na watu tusiowajua majina. Uwe Mkristo, uwe Mwislamu, uwe na imani nyingine, jiulize leo: usiku wa matatizo, nani atajua kwamba ulikuwa ndani? Kule uwandani jirani yuko mwendo wa saa nzima, na anajulikana.