Mtoto Hajambo, na Mama Je?

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo husemwa jikoni kwa sauti ya chini, wala si mara nyingi kusemwa kanisani. Ni juu ya mama aliyejifungua salama, mtoto akawa mzima, lakini yeye mwenyewe hana afya ya mwili au hana raha moyoni.

Hapa kwetu Kakamega mtoto akizaliwa tunafurahi sana. Akina mama wa kanisa hukusanyika, mmoja na unga wa wimbi, mwingine na sukari, mwingine na kuku, wakaenda nyumbani huku wakiimba. Ni desturi njema, tusiiache. Lakini tuulizane: tukifika pale, tunamtazama nani? Mtoto hupita mikononi mwa kila mtu. Tunasema amefanana na babu yake. Tunaomba, tunakunywa chai, tunaondoka. Na chai hiyo aliipika nani? Mara nyingine ni yule yule aliyejifungua juzi.

Sisi wenyewe tunaungama kosa hili. Dada mmoja kijana katika ushirika wetu alikuwa na mtoto wa wiki tano. Tulipokwenda kumwona hakuinua macho. Mtoto akalia, naye akamtazama kana kwamba ni mtoto wa jirani. Mmoja wetu akamwambia, "Mshukuru Mungu, dada, wengine wanamlilia mtoto na hawampati." Mwingine akaomba ili roho ya uvivu imtoke. Tukaondoka. Lakini bibi mzee mmoja, ambaye zamani alikuwa mkunga, alibaki nyuma. Akaketi karibu naye, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, usiku unalala?"

Ndipo yule dada alipolia. Akasema, "Kukhu, silali hata mtoto akilala. Jana nilimbeba nikaenda naye mpaka mtoni Isiukhu. Sijui nilikuwa nikienda kufanya nini."

Siku hiyo hiyo yule bibi alimwita mume na mama mkwe, wakampeleka hospitali. Alitibiwa, akapona. Mtoto wake sasa anakuja shule ya Jumapili. Lakini sisi tuliotangulia kuondoka hatusahau. Tulifika na mikono iliyojaa zawadi, wala hatukuwa na masikio.

Wapenzi, lazima tujue kwamba kuzaa si mwisho wa safari. Mwili wa mama huchukua wiki nyingi kurudi mahali pake. Katika siku hizo kuna dalili ambazo hazingoji. Damu ikitoka kwa wingi na kulowesha kitambaa katika muda wa saa moja, huo ni hatari ya kifo. Homa kali, au uchafu wenye harufu mbaya, ni alama ya ugonjwa ndani ya tumbo la uzazi. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu huweza kuleta kifafa cha mimba, ambacho huja hata baada ya mtoto kuzaliwa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika, huweza kuwa damu iliyoganda. Mama wa namna hii apelekwe hospitali mara moja. Tuombe tukiwa njiani.

Kuna na mama ambaye mkojo humtoka bila kujizuia, kwa sababu uchungu ulikawia siku nyingi na njia yake ikapasuka ndani. Huyu hujificha. Huacha hata kuja kanisani kwa kuogopa harufu. Jambo hili si laana. Ni jeraha, nalo hushonwa. Hospitali ya Gynocare mjini Eldoret imejulikana kwa upasuaji huo.

Sasa tuje kwenye moyo. Akina mama wengi hulia ovyo katika siku za kwanza baada ya kuzaa, kwa kuwa nguvu zile zilizoutegemeza mwili wakati wa mimba hushuka ghafula, na usingizi ni haba. Hali hiyo kwa kawaida huisha yenyewe kabla ya wiki mbili. Lakini huzuni ikipita wiki mbili, mama akikosa usingizi na hamu ya chakula, akijiona hafai, au akiwaza kifo, huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi kama zetu, karibu mama 20 katika kila 100 hupatwa na ugonjwa wa moyo na akili baada ya kujifungua, hasa huzuni nzito. Basi kama ushirika wako una mama watano wenye watoto wachanga, huenda mmoja wao anabeba mzigo huu. Wachache sana huchanganyikiwa kabisa, wakisikia sauti au kuona mambo yasiyokuwako. Hao wasiachwe peke yao hata kidogo, bali wapelekwe hospitali siku hiyo.

Msiseme kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Katika miaka ya 1970, daktari John Cox kutoka Uingereza alifanya kazi kwa jirani zetu Uganda. Huko aliwachunguza wanawake 263 wa mashambani, akaandika habari zao mwaka 1979. Aliona kwamba Waganda walikuwa na jina tangu zamani la ugonjwa wa akili wa mama aliyezaa. Waliuita amakiro, na wengi waliamini huletwa na uzinzi wakati wa mimba. Basi mama aliugua, na juu ya ugonjwa akatwikwa aibu. Baadaye, mwaka 1987, daktari huyo na wenzake kule Scotland walitoa maswali kumi mepesi ya kumwuliza mama, ambayo hutumika leo katika nchi nyingi za dunia.

Je, sisi Wakristo tumefanya tofauti? Hatusemi amakiro. Twasema, "Amepungukiwa na imani." Ni mzigo ule ule, tumebadilisha jina tu.

Hebu tumtazame nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Mtu huyu wa Mungu alichoka hata akaomba afe. Malaika alipomjia hakumkemea, wala hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwandalia mkate uliookwa na maji ya kunywa, akamwacha alale tena. Alipoamka akalishwa mara ya pili. Na kwa nguvu za chakula hicho alikwenda siku arobaini. Sauti ya utulivu aliisikia baadaye mlimani. Mkate na usingizi vilitangulia.

Kliniki husema mama aangaliwe mpaka wiki ya sita, yaani siku 42. Basi na sisi tumhudumie siku hizo zote. Akina mama, mgawane zamu: leo mmoja ateke maji na kufua nguo za mtoto, kesho mwingine apike mrenda na ugali. Mama mkwe, mchukue mtoto ili mkaza mwanao alale saa mbili. Baba, usiseme hii ni kazi ya wanawake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili. Likizo hiyo si ya kukaa sokoni. Mpeleke mkeo kliniki wewe mwenyewe. Mchungaji, utakapombariki mtoto, mwulize mama hali yake, nawe ungoje jibu.

Na wewe dada unayesikiliza ukiwa peke yako, mtoto mapajani na machozi machoni, Mungu hakukukasirikia. Katika Isaya 40:11 twasoma juu ya Mchungaji asiyewakimbiza kondoo wanaonyonyesha. Mwambie mtu mmoja leo. Nenda kituo cha afya, ukaseme yote. Kumeza dawa si kumkana Bwana.

Tuombe. Baba yetu, utusamehe kwa kuwa tulimwona mtoto tukamsahau mama. Utupe masikio, na miguu ya kwenda, na mikono ya kufua na kupika. Uwaponye walio katika giza, kwa jina la Yesu. Amina.