Nyama ya Daktari Castle: Baada ya Tumbo Kukatwa (4)

Tangu Oktoba 2024, mwanamke alipofariki Nairobi baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta, wasomaji wangu wa Matisi hunisimamisha njiani kuniuliza kama ndio huu ninaouandikia. Sio. Kunyonya mafuta ni urembo, mfuko wa tumbo hauguswi. Sisi tunafuatilia ule wa kupunguza mfuko wa tumbo wenyewe, ambao aina yake inayofanywa sana huondoa kama asilimia 80. Namna unavyofanywa tulishaiona. Leo nina hamu ya kumleta daktari William Castle.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kule Boston, Castle aliwalisha wagonjwa wenye upungufu wa damu gramu 200 za nyama ya ng'ombe kila siku. Hali haikubadilika. Basi akawa anakula mwenyewe gramu 300 za nyama ya kusaga isiyoiva sawasawa, anangoja saa moja, anajitapisha, kisha (samahani kwa mnaosoma mkiwa mezani) anaupitisha ule uji kwa mpira hadi tumboni mwa mgonjwa. Siku chache tu, damu changa ikaanza kuchipuka! Kumbe tumbo lenye afya hutoa kitu cha kuibeba ile tuliyokuja kuiita vitamini B12, iliyopatikana peke yake mwaka 1948. Kikikosekana, nyama hushibisha tu.

Aliyekatwa tumbo, kwa kuwa kitu hicho kimempungukia, anawakaribia wagonjwa wale, ila ini humficha, maana huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa. Mtu amepungua, ameshonesha nguo mpya, anaona vidonge vya vitamini ni usumbufu. Akiba ikikauka, vidole hufa ganzi, miguu huyumba, na neva zilizoharibika huenda zisipone.

Mama mmoja jirani yangu, aliyefanyiwa upasuaji huu Nairobi, aliniambia, "Mwalimu, mimi nakula murenda na managu, vidonge vya vitamini vya nini tena?" Nimezisifu mboga hizo kurasa nzima, lakini B12 hazina. Hapo hapo akameza kidonge cha madini ya chuma na kukisukumia kwa chai ya maziwa, kikombe kikubwa cha bati. Mama, chai huzuia chuma kuingia mwilini! Tunauza ng'ombe tulipe kisu, halafu ushauri wa daktari, ambao ni bure, tunauacha kwenye matatu.

Nafasi imeniishia. Ukishafanyiwa upasuaji huu, damu ipimwe kila mwaka hata ukijisikia mzima. Kutapika kusikokoma si kwa kuvumilia: vitamini B1 huisha katika wiki chache, ubongo ukaumia, kwa hiyo nenda hospitali siku hiyo. Zile Brufen mbili za maumivu, za dukani, huweza kuchimba vidonda tumboni. Pombe hupanda upesi kuliko zamani. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji.

Juma lijalo: wagonjwa waliolishwa ini kila siku, miaka michache kabla Castle hajajitapisha.