Mwanga Unaobeba Habari na Kivuli cha Mtu

Katika masomo yaliyopita ulijifunza mambo matatu kuhusu mwanga. Kwanza, mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Pili, mwanga haupenyi vitu kama ubao, ukuta na mwili wa mtu. Nyuma ya vitu hivyo hutokea kivuli. Tatu, mwanga ukigonga kitu, sehemu yake hurudishwa, na vitu vyeupe huurudisha zaidi kuliko vitu vyeusi. Katika somo hili utaona jinsi mambo hayo yanavyosaidia au kuzuia habari zinazosafirishwa kwa mwanga ndani ya chumba.

Bila shaka umewahi kusoma usiku karibu na taa, kisha mtu akapita mbele ya taa hiyo. Kwa muda mfupi hukuyaona maandishi. Mtu huyo hakukusudia kukuzuia; alikuwa akienda zake tu. Sasa fikiri kwamba mwanga ule ulikuwa unakuletea ujumbe. Je, ujumbe huo ungepatwa na nini?

Mwanga hubebaje habari?

Ukibonyeza kitufe cha rimoti ya televisheni, taa ndogo iliyo mbele ya rimoti huwaka na kuzimika upesi mno. Kwa kawaida mwanga wake ni wa infraredi, ambao macho ya binadamu hayawezi kuuona. Televisheni ina sehemu ndogo inayoupokea mwanga huo na kuugeuza kuwa umeme. Sehemu hiyo huitwa kipokezi. Kila kitufe kina mpango wake wa kuwaka na kuzimika. Kwa mpango huo televisheni hutambua kama umetaka kuongeza sauti au kubadili stesheni.

Taa za LED zinazoangaza nyumba nazo zinaweza kutengenezwa zipeleke habari. Taa ya namna hiyo huongeza na kupunguza mwanga wake mara mamilioni kwa sekunde moja. Jicho haliwezi kufuata mabadiliko ya upesi kiasi hicho, kwa hiyo huona mwanga uliotulia. Hivyo taa moja inaweza kuangaza chumba, na papo hapo ikapeleka maneno, picha au sauti kwa kompyuta yenye kipokezi kinachofaa.

Wazo hili si geni. Mwaka 1880, katika mji wa Washington nchini Marekani, Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walisafirisha sauti ya mtu kwa mwanga wa jua. Sauti ilitikisa kioo chembamba, na mwanga uliorudishwa na kioo hicho ukabadilika kwa kufuata sauti. Mwaka 2011 Profesa Harald Haas wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, alionyesha mbele ya watu taa ya LED ikipeleka picha za video. Alipoukinga mwanga kwa mkono wake, video ilisimama. Mawasiliano ya namna hiyo aliyaita Li-Fi.

Jaribio

Vifaa: tochi, daftari lenye ukurasa mweupe, na chumba chenye mwanga hafifu. Usimmulike mwenzako machoni.

1. Juma aketi na kufungua daftari mapajani. Asha asimame kando yake, ainue tochi juu na kuumulika ukurasa. Kisha aifunike na kuifunua tochi kwa kiganja mara kadhaa, bila kutaja idadi. Juma ahesabu mimweko anayoiona kwenye ukurasa, kisha aseme idadi aliyopata.

2. Asha arudie, huku Mwajuma akipitisha mkono mara kwa mara kati ya tochi na daftari. Je, Juma amepata idadi sahihi?

3. Asha asogee nyuma ya Juma, na Juma aliinamie daftari kama mtu anayesoma. Je, kivuli cha nani kimeangukia ukurasa?

4. Juma akae wima, kisha aligeuze daftari polepole mpaka ukurasa uelekee upande mwingine. Mwanga kwenye ukurasa umebadilikaje?

5. Sasa Asha aumulike ukuta mweupe ulio karibu na Juma, badala ya daftari. Mwajuma apitishe mkono tena. Je, mimweko yote imepotea?

6. Fungueni madirisha jua liingie, kisha mrudie hatua ya kwanza.

Maelezo

Katika jaribio hili tochi ni kama taa inayopeleka habari, na ukurasa ni kama kipokezi. Katika hatua ya pili mwili wa mtu ulikata njia ya mwanga, na mimweko mingine haikufika. Juma alipoteza miwili au mitatu tu. Lakini taa ikipeleka ishara 1,000,000 kwa sekunde, na mtu akaizuia kwa nusu sekunde, ishara 500,000 hazitafika. Kumbe hatua moja ya mtu apitaye chumbani yaweza kufuta maneno mengi.

Katika hatua ya tatu aliyezuia ujumbe ni yule yule aliyeungojea. Mtu anayeinamia simu huweza kuifunika kwa kivuli cha kichwa chake. Katika hatua ya nne hapakuwa na kizuizi chochote, ila ukurasa haukuutazama mwanga. Watu hawashiki vyombo vyao kwa namna moja. Mmoja huviweka mezani, mwingine huviinamisha, na mwingine hulala chali na kuviinua juu ya uso. Kila mkao hubadili kiasi cha mwanga kinachoingia katika kipokezi.

Katika hatua ya tano mwanga ulimfikia Juma kutoka sehemu nyingi za ukuta. Ulikuwa dhaifu, lakini mkono wa Mwajuma haukuweza kuzuia njia zote. Mwaka 1979 watafiti wawili waliofanya kazi Uswisi, Gfeller na Bapst, walieleza jinsi mwanga wa infraredi unavyoweza kutawanywa na kuta na dari ili vyombo vilivyomo chumbani viwasiliane. Jambo hili huonyesha kwamba hata rangi ya ukuta ina kazi. Ukuta mweupe hurudisha mwanga mwingi. Pazia jeusi au nguo nyeusi huumeza.

Katika hatua ya sita mwanga wa jua uliifanya mimweko isionekane vizuri. Taabu hiyo iliwahi kutokea majumbani. Mwaka 1955 ilitolewa Marekani rimoti iliyoitwa Flash-Matic, ambayo ilimulika pembe za televisheni kwa mwanga wa kawaida kama wa tochi. Mtu alipofungua pazia na jua likaiangukia televisheni, stesheni iliweza kubadilika bila mtu kugusa kitu.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Mawimbi ya redio hupenya kuta nyingi, lakini mwanga haupenyi. Kwa sababu hiyo ujumbe wa mwanga hubaki chumbani, na aliye nyuma ya ukuta hawezi kuuchukua. Hiyo ni faida. Hasara yake ni kwamba ujumbe huo huzuiwa na miili yetu.

Fikiri chumba cha wagonjwa ambamo chombo cha kupimia mapigo ya moyo kinapeleka habari kwa mwanga hadi kipokezi kilicho kwenye dari. Ndugu watano wanafika kumjulia hali mgonjwa. Wanakizunguka kitanda, na mmoja anamwinamia mgonjwa ili amsikie vizuri. Hakuna aliyekosea, lakini habari za moyo zimekatika.

Hatuwezi kuwakataza ndugu wasimwinamie mgonjwa wao. Ni kazi ya fundi kuweka vipokezi kadhaa, ili kimoja kikizuiwa kingine kiendelee kupokea. Anaweza pia kukifanya chombo kirudie ujumbe usiofika, au kitumie mawimbi ya redio kwa muda njia ya mwanga inapozibwa. Fundi anayevijaribu vyombo vyake katika chumba kitupu atadhani kazi yake imekamilika. Lakini vyumba vina watu, na watu hutembea, huinama, hufunga mapazia na kuhamisha viti. Ni lazima achunguze kwanza jinsi watu wanavyoishi.

Maswali

1. Kwa nini mtu akisimama mbele ya televisheni rimoti huweza kushindwa kufanya kazi?

2. Taa inapeleka ishara 2,000,000 kwa sekunde. Mtu ameizuia kwa robo sekunde. Ishara ngapi hazikufika?

3. Taja matendo manne ya kila siku yanayoweza kuzuia habari zinazobebwa na mwanga chumbani.

4. Chora ramani ya darasa lako. Onyesha mahali ambapo ungeweka taa mbili ili mwanafunzi anayesimama kujibu swali asimzuilie ujumbe mwenzake aliye nyuma. Eleza sababu zako.