Kuacha Tumbaku, Kubaki Mkulima

Kuria, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, tumbaku imekuwa kalenda ya familia nyingi. Kuna kitalu, kupandikiza, palizi, kuchuma jani kwa jani, kukausha kwa moto wa kuni, kupanga madaraja na kufunga marobota. Kazi hiyo humeza karibu miezi 9. Wachumaji hushika majani mabichi yenye unyevunyevu, nikotini ikapenya ngozini na kuwaletea kichefuchefu na kizunguzungu.

Mbona basi hawaachi?

Jibu la kwanza ni deni. Kampuni humpa mkulima mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, kisha hujikatia chake siku ya mauzo. Kampuni hiyo hiyo ndiyo mnunuzi. Mavuno yakiharibika, deni huvuka mwaka, na mkulima hupanda tena ili alipe. Mtu kama huyu akishauriwa asahau yaliyopita, anashauriwa jambo ambalo daftari la mkopo haliruhusu.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Mpango wa Chakula Duniani yalianzisha Migori, pamoja na serikali, mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku. Wakulima walipewa mikopo midogo, mafunzo, mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma, na soko la uhakika. Maharagwe ya aina ya Nyota huiva kwa takriban miezi 2 na nusu, na yasiyouzwa huingia chunguni.

Hata hivyo, na hili ndilo jibu la pili, tumbaku hulipa kwa mkupuo. Pesa hizo ndizo karo, mabati, ng'ombe. Maharagwe huuzwa hata gorogoro moja moja, na pesa zake huja kidogo kidogo. Aliyezoea kupanga maisha yake kwa malipo ya mara moja hana budi kujifunza upya namna ya kuweka akiba, na hilo ni gumu kuliko kubadilisha mbegu.

Katika kaunti jirani ya Homa Bay mambo yako kinyume. Mvuvi wa Mbita au Rusinga akivua omena usiku, asubuhi ana pesa mfukoni. Lakini samaki wa Ziwa Victoria wamepungua, na vizimba vya kufugia ngege vinaenea. Mfugaji hununua vifaranga na chakula, kisha husubiri miezi kadhaa kabla ya kuuza hata samaki mmoja. Huyu sasa lazima ajifunze subira ambayo jirani yake wa Migori aliizoea zamani.

Kinachowafunga wote wawili, basi, ni mwendo wa pesa zaidi kuliko mapenzi ya kazi ya kale. Ujuzi wenyewe hawana haja ya kuutupa. Mkulima aliyelea miche dhaifu kitaluni anajua kutunza shamba lolote, na mvuvi anayetambua upepo na rangi ya maji ana mwanzo mzuri katika kuchagua mahali pa kuweka kizimba.

Msimu wa kwanza ndio mgumu zaidi, kwani deni la jana bado linadaiwa na mavuno mapya hayajafika. Hapo ndipo chama cha ushirika, sacco au kaunti inapohitajika: izibe pengo hilo kwa mkopo wa riba nafuu, na itafute mnunuzi kabla mbegu haijaingia ardhini.