Nani ashike feza za mtoto mlemavu?

Wengi wetu tuna ndugu waliohamia Australia kama wakimbizi. Huko, kwa sheria ya mwaka 2013, mlemavu mwenye ruhusa ya kukaa daima anaweza kuomba msaada unaoitwa NDIS, kabla ya kufikisha miaka 65. Akikubaliwa, ulizo linabaki: nani atawalipa watu wanaomsaidia?

Familia inaweza kuomba kushika feza yenyewe, lakini itunze kila karatasi. Ofisi ya NDIS inaweza kulipa, ila kwa wahudumu walioandikishwa kwake tu. Njia ya tatu ni msimamizi wa feza. Malipo yake yana fungu lake pembeni. Hayapunguzi feza za mtoto. Akiomba nyongeza, mkatae.

Mimi ningeuliza kwanza: je, kampuni yake ndiyo pia inayomwogesha mtoto na kumpeleka masomoni? Ikiwa ndiyo, inajilipa yenyewe, na nani atahesabu saa zake? Tena, mama aonyeshwe hesabu kila mwezi. Kiingereza kikimshinda, apige 131 450, aombe mkalimani wa Kiswahili. Msimamizi asipofaa, anaweza kubadilishwa. Asome tu mapatano yanadai siku ngapi za kumuaga.